Ipe Barafu Mgongo

Injini imezimwa. Abiria sitini na kitu wa meli ndogo wamesongamana omoni, kofia za sufu zimewashuka hadi kwenye nyusi, kila mmoja na kamera yake. Mbele yao umesimama ukuta wa Margerie, mto wa barafu unaoishia baharini katika Ghuba ya Glacier, kusini-mashariki mwa Alaska. Ukuta una upana wa kilomita 1.6 na umepanda mita 76 hivi juu ya maji, sawa na jengo la ghorofa 25. Kipande kikubwa kama nyumba kinachomoka na kuporomoka kimyakimya. Mngurumo unafika sekunde moja au mbili baadaye, kwa kuwa sauti huachwa nyuma na macho. Watlingit, wenyeji wa pwani hii, huuita ngurumo nyeupe. Abiria wanapiga makofi.

Sina ugomvi na makofi hayo. Ila mtu aliyetoka mbali, akalipa nauli ya kumtoa jasho, akarudi na picha za barafu inayoanguka tu, amesoma ukurasa wa mwisho wa kitabu akakifunga. Kurasa nyingine zote ziko nyuma ya mgongo wake: majabali, changarawe na misitu ya kilomita 105 alizopita akija. Ghuba zinazosomeka kirahisi namna hii ni chache duniani, na hii husomwa vizuri zaidi kwa chombo kidogo na kwa miguu.

Mto usio na haraka

Mto wa barafu, au barafuto, huzaliwa pale theluji ya mwaka huu inapoikuta ya mwaka jana haijayeyuka. Tabaka hupandana, za juu zikazishindilia za chini, hewa ikafinywa, theluji ikageuka barafu ngumu. Ikishakuwa nzito vya kutosha huanza kuteremka kwa uzito wake yenyewe, mfano wa uji mzito kwenye sinia lililoinamishwa. Watu wa pwani husema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Theluji iliyoanguka kwenye vilele vya safu ya Fairweather, vingine zaidi ya mita 4,000, nayo marejeo yake ni baharini.

Rangi yake ya buluu haitokani na anga wala bahari. Barafu iliyoshindiliwa hunyonya mwanga mwekundu na kuiachia buluu ipite. Na ukikaa kwenye boti ya mpira katikati ya vipande vinavyoelea, utasikia mchakariko kama wa maandazi kwenye mafuta ya moto: ni viputo vya hewa ya zamani, iliyofungiwa humo tangu theluji ilipokuwa theluji, vinapasuka barafu ikiyeyuka.

Katika kuteremka, barafuto hukokota mawe yaliyoganda tumboni mwake, na mawe hayo huusugua mwamba kama msasa. Bonde lililochimbwa na mto wa maji huwa na umbo la herufi V. Lililosuguliwa na barafu hupanuka chini, kuta zake zikasimama wima, likawa U. Barafu ikirudi nyuma, bahari huingia bondeni. Hori hilo refu lenye kuta za majabali ndilo fiodi. Ndani ya Ghuba ya Glacier kuna mahali ambapo kina kinapita mita 400.

Msomaji wa Mombasa ana ndugu wa mbali wa fiodi karibu na nyumbani. Barafu haikuwahi kufika Kilindini. Lakini miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yamefungwa katika barafu kubwa za nchi za baridi, usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa mita 120 hivi. Mito ya pwani ikachimba mabonde yake chini zaidi ili kuifuata bahari ilikokwenda. Barafu zilipoyeyuka, bahari ilipanda ikayazamisha mabonde hayo. Kilindi kinachopokea meli za makontena Mombasa na fiodi za Alaska ni kazi ya zama zilezile za barafu: Alaska barafu ilichimba yenyewe, Mombasa iliituma mito.

Kuanguka si kufa

Mgeni akiona kipande kikianguka, neno la kwanza kumtoka ni tabianchi. Avute subira. Barafuto inayofika baharini lazima imwage ncha yake, kama mto unavyomwaga maji yake. Swali la mtaalamu ni la mhasibu: je, kinachoanguka kinazidi kinacholetwa kutoka mlimani?

Jibu hutegemea hali ya hewa, na pia hutegemea kifusi. Barafuto husukuma mbele yake lundo la changarawe na tope, ambalo wataalamu huliita moreni. Lundo hilo huikinga na maji ya kina. Maadamu pua yake imekaa juu ya kifusi, inaweza kusonga mbele taratibu kwa mamia ya miaka. Ikiteleza nyuma ya kifusi hujikuta kwenye kina kirefu. Maji ya bahari huila kutoka chini, ncha hukatika vipande vipande, na hairejei kutulia mpaka ipate mahali pa maji mafupi. Ndiyo maana barafuto mbili jirani, chini ya mvua moja na jua moja, huweza kwenda njia tofauti: moja inasogea mbele, nyingine inakimbia.

Ghuba ya Glacier ndiyo mfano mkuu wa kukimbia huko. Mwaka 1794 mabaharia wa msafara wa George Vancouver, wakiongozwa na Joseph Whidbey katika boti za makasia, walifika mahali hapa wakakuta ghuba haipo. Palikuwa na mbonyeo wa kilomita chache, kisha barafu tupu, sehemu nyingine ikiwa na unene wa mita 1,200. Mwaka 1879 John Muir, mwanaasili mzaliwa wa Scotland, aliingia kwa mtumbwi uliopigwa kasia na Watlingit, akakuta barafu imerudi nyuma zaidi ya kilomita 50. Kufikia 1916 ilikuwa imerudi kilomita 105. Hiyo ni safari ya miaka 122, wastani wa karibu mita 860 kwa mwaka.

Angalia tarehe hizo. Sehemu kubwa ya mwendo huu ilitangulia moshi mwingi wa viwanda. Kipindi kirefu cha baridi kilikuwa kinaisha, na maji ya kina yakamalizia kazi. Anayetafuta alama ya joto la siku hizi asihesabu vipande vinavyoanguka, apime unene. Barafuto nyingi za eneo hili zinakonda mwaka hadi mwaka, hata zile zisizogusa bahari. Barafu ya Kibo, kileleni Kilimanjaro, isiyo na bahari ya kusingizia, imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake tangu 1912. Ushahidi wa namna hiyo hauna mngurumo, na hakuna anayeupigia makofi.

Kilomita kwa miaka

Sasa geuka. Boti ya mpira inakushusha ufukweni karibu na ncha ya barafu, maji yakiwa magotini. Unachokikanyaga ni jiwe ambalo babu wa babu yako asingeweza kulikanyaga, kwa kuwa lilikuwa chini ya barafu. Hakuna udongo. Jabali limechorwa mistari sambamba, alama za kucha za barafu, nayo inakuonyesha barafu ilikokuwa ikielekea.

Rudi kilomita kadhaa kuelekea mlango wa ghuba, ushuke tena. Hapa changarawe imefunikwa na utando mweusi wa viumbe wadogo, na juu yake vile vimea laini vya kijani vinavyoota kwenye kuta zenye unyevu. Mbele kidogo unakutana na driasi, mmea wa maua ya manjano unaotambaa kama mkeka. Baada yake ndipo huja vichaka vya alda. Mkulima wa kunde ataelewa alda anafanya nini: mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea. Majani yakianguka, jangwa la mawe linaanza kupata udongo. Lakini kumpita alda ni adhabu. Matawi yamelala na kusukana, na mtembeaji hutumia saa nzima kwa umbali ambao angeutembea ufukweni kwa dakika kumi.

Zaidi ya hapo misprusi inawapita alda kwa urefu na kuwanyima jua. Karibu na mlango wa ghuba, kwenye ardhi iliyoachwa na barafu zaidi ya miaka 200 iliyopita, umesimama msitu mzito wa misprusi na mihemloki, kimya na wenye maji kila mahali. Kwa hiyo kila kituo cha meli ni tarehe. Mwanaikolojia William S. Cooper alilitambua hilo, na mwaka 1916 akapima viwanja vidogo vya mita moja ya mraba, akahesabu kila kilichoota humo. Viwanja hivyo vimefuatiliwa kwa zaidi ya miaka 100. Hoja zake na za wenzake zilisaidia eneo hili kuhifadhiwa mwaka 1925. Likawa hifadhi ya taifa mwaka 1980.

Ardhi yenyewe haijatulia. Barafu ya unene wa mita 1,200 huweka zaidi ya tani 1,000 juu ya kila mita ya mraba. Mzigo ulipoondoka, nchi ilianza kuinuka, kama godoro lililoachwa na mlalaji, ila polepole mno: mahali pengine sentimita 3 hivi kwa mwaka hadi leo. Katika mji jirani wa Gustavus kuna uwanja wa gofu juu ya ardhi ambayo miongo michache kabla ilikuwa ikifunikwa na maji. Huko bahari inaonekana kukimbia, ilhali kwingine duniani inapanda.

Katika kitabu hiki kuna watu pia. Kabla ya barafu kusonga mbele, bonde hili lilikuwa makazi ya Watlingit wa Huna. Masimulizi yao yanasema barafu ilikuja kwa kasi ya mbwa anayekimbia, wakalazimika kuhama. Wengi wa vizazi vyao wako Hoonah, ng'ambo ya mlangobahari. Jina walilolipa bonde baada ya maji kuingia, Sít' Eeti Gheeyí, ni ghuba iliyochukua mahali pa barafuto. Wanasayansi wameandika vitabu vizima kueleza jambo ambalo jina hilo linalitaja mara moja.

Faida ya udogo

Kwa kanuni za hifadhi, meli kubwa za watalii haziruhusiwi kuzidi mbili kwa siku ndani ya ghuba. Zinabeba maelfu ya watu, nao huitazama nchi kutoka juu ya sitaha bila kushuka. Meli ndogo hutia nanga kwenye hori, hushusha boti za mpira, na kuwafikisha watu kumi kumi penye changarawe. Bei yake ni kubwa zaidi, na dizeli inachoma kama wenzake. Asidanganyike mtu kwamba udogo ni utakatifu. Inachonunua bei hiyo ni muda wa kusimama na nafasi ya kushuka.

Kushuka kuna masharti yake. Maji hujaa na kupwa hata kwa mita 7 na zaidi, karibu mara mbili ya bamvua la Unguja, kwa hiyo boti iliyofungwa vibaya huondoka peke yake au huachwa juu ya mawe. Nahodha hukaa mbali na ukuta wa barafu, karibu nusu kilomita au zaidi, kwani kipande kikianguka huzusha mawimbi, na kingine huweza kuibuka kutoka chini ya maji bila taarifa. Dubu ni wenye nchi: watembeaji huenda kwa kundi wakizungumza kwa sauti, ili asishtuke mtu wala mnyama. Hori la Johns Hopkins hufungwa kwa vyombo vyote Mei na Juni, wakati sili wanapozaa juu ya vipande vya barafu. Buti za mpira, koti la mvua na nguo za kuvaa tabaka kwa tabaka ni lazima hata Julai.

Safari nyingi hupitia Bartlett Cove, karibu na mlango wa ghuba, ambako Watlingit wa Huna walifungua nyumba yao ya jadi mwaka 2016. Msituni nyuma yake kuna njia fupi ya miguu. Vilima unavyopanda humo ni moreni, na kuna dimbwi tulivu lililozungukwa na miti. Lilichimbwa na bonge la barafu lililozikwa kwenye changarawe, likayeyuka baada ya mama yake kuondoka, likaacha shimo lijae maji. Juu ya maji hayo huota mayungiyungi ya manjano. Hapo hapana cha kuanguka wala cha kupigiwa makofi. Pana umbo tu la barafu iliyowahi kukaa, na mtu asiyefika kwa miguu angelipita akidhani ni dimbwi tu.