Makorongo ya mito ya Upare: yapi ya kweli, yapi ya kusikia?

Shuka stendi ya Same uulize habari za kwenda kuona makorongo na maporomoko ya maji ya milima ya Pare, na majibu yatakuja kabla hujamaliza kuuliza. Kila mtu ana lake, na bila shaka nawe umeshayasikia kadhaa. Tuyapime. Mengi yatakupotezea hela au nusu siku, lakini la kwanza hapa chini linaweza kukuondolea uhai.

"Jua likiwaka Same, korongoni ni salama."

Uongo. Mji wa Same uko chini, upande mkavu. Milima ndiyo inayokinga pepo za mvua kutoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo mawingu hujimwaga juu na upande wa mashariki, huku Same na Makanya wakiambulia manyunyu. Unaweza kuwa unajifuta jasho stendi saa ileile ambayo mtu wa mlimani anakinga ndoo chini ya bati. Na maji yote ya mvua hiyo yana njia moja ya kushukia: korongo hilohilo unalotaka kwenda kupigia picha.

Ushahidi uko hapahapa. Tarehe 1 Machi 2006, katika bonde la mto Makanya, Pare Kusini, ilipimwa mvua ya zaidi ya milimita 100 ndani ya saa 3 mahali pamoja, wakati kwingine ndani ya bonde hilohilo ilinyesha kidogo. Mafuriko yaliyoshuka yalifanya uharibifu mkubwa huko chini. Kenya nao wamelipia somo hili mara mbili katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Aprili 2012 maji ya ghafla yaliua watu 7 wa kundi la vijana wa kanisa, na Septemba 2019 yakaua wengine 7, mwongoza wageni akiwa mmoja wao. Kule Arizona, Marekani, watalii 11 walikufa Agosti 1997 ndani ya Antelope Canyon kwa mvua iliyonyesha mbali, juu ya mto.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayekuuzia safari lisiwe bei. Muulize: asubuhi ya safari utampigia simu nani kule juu? Mwenye jibu atakutajia mtu na kijiji palepale. Anayekujibu "usijali, hali ya hewa ni nzuri" amekujibu pia.

"Maji yakibadilika rangi, toka."

Kweli tupu. Wazee wa milimani walilisema hili bila kifaa chochote, na halijapitwa na wakati. Mvua ikipiga juu, maji ya kwanza kufika hubeba udongo, majani na vijiti. Mto uliokuwa unaonyesha kokoto zake unageuka kahawia, sauti inakuwa nzito, takataka zinaanza kupita. Ukiona hivyo panda ukingoni papo hapo, usikimbie kufuata mto, wala usirudi kuchukua begi. Na ukiingia korongoni, kabla ya kitu chochote, inua macho. Tazama matawi na nyufa za mwamba: majani makavu yaliyonasa na kujisokota huko juu yaliletwa na maji. Pale yalipokomea ndipo mto ulipofika mara ya mwisho. Ukiona yako juu ya kichwa chako, umeshajua unatakiwa kuwa na njia gani ya kupandia.

"Kiangazi ndio wakati pekee wa kwenda."

Nusu kweli. Kuanzia Juni hadi Oktoba njia ni kavu na magari yanapanda bila kuteleza, ila maporomoko nayo hukonda. Masika, Machi hadi Mei, maji ni mengi na hatari ni nyingi vilevile. Vuli nayo isidharauliwe: Novemba 2009, katika kijiji cha Goha wilayani Same, mlima ulimeguka baada ya mvua kubwa na kuua watu wasiopungua 20. Mimi ningechagua Juni au Julai, wakati mito bado ina maji ya masika na udongo umeshashikana. Mwezi wowote utakaochagua, ondoka alfajiri.

"Mwenyeji yeyote anatosha kuwa mwongozaji."

Nusu kweli, na nusu zote mbili zina uzito. Kisheria, kuongoza wageni ni kazi ya leseni. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inazibana kampuni na waongozaji. Kuomba kuona leseni si utovu wa adabu, na mwenye nayo huitoa mfukoni bila kununa. Lakini leseni ya mjini haijui mto. Wapare wamechimba ndiva tangu enzi za mababu, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe mashambani mchana. Mtu aliyekulia kwenye zamu za ndiva anaujua mto wake kwa miezi na kwa saa. Safari nzuri ina wote wawili: mwenye leseni anayewajibika kwako, na mtu wa kijiji kile anayetangulia mbele. Ukikuta watu hao wawili wamo katika mtu mmoja, usihangaike kutafuta zaidi.

"Huko kwingine huingii bila mwenyeji, ni mambo ya mizimu."

Kweli kwamba usiingie bila mwenyeji, hata kama mizimu si imani yako. Upareni kuna misitu ya mila, mpungi wa ukoo na mshitu wa jando, ambayo imebaki mibichi kwa sababu hakuna aliyethubutu kukata mti humo. Mbaga kuna mapango ya Mghimbi, ambako watu walijificha wakati wa uvamizi wa wakamata watumwa karne ya 19. Mahali pa namna hii pana wenyewe. Ukipita na mtu wa hapo utaoneshwa, utasimuliwa na utaambiwa wapi kamera isifike. Ukipita peke yako utaona mawe tu, na utawaachia wenyeji kinyongo.

"Lazima uweke nafasi Moshi au Arusha, Same ni pa kupita tu."

Uongo. Utalipia gari la kutoka mbali, na asubuhi nzuri itaishia barabara kuu. Lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi liko jirani na mji wa Same. Msitu wa Chome, wenye kilele cha Shengena kinachopita mita 2,400, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mbaga na Usangi zimo katika utalii wa utamaduni kwa miaka mingi, na huko fedha hubaki kijijini. Lala Same au palepale mlimani, uanze na jogoo.

"Siku moja unaweza kumaliza korongo, Shengena na Mkomazi."

Uongo. Barabara za Upare hazipimwi kwa kilomita. Chagua moja.

"Bei ya chini ni utapeli."

Si lazima. Mtanzania hulipa viingilio kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo bei yako na ya Mzungu hazitalingana, na ni haki. Cha kudai ni mchanganuo: kiingilio, ada ya kijiji, mwongozaji, gari, chakula. Kiingilio cha hifadhi hulipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Omba risiti yake. Bei inayotia shaka ni ile isiyochanganulika, iwe ndogo au kubwa.

"Tuma hela yote mapema ndio nafasi yako iwe ya uhakika."

Uongo. Weka malipo ya awali, tena kwa lipa namba inayoonyesha jina la biashara uliyoongea nayo, si namba ya "ndugu yangu atakupokelea". Kisha uliza, na jibu lije kwa maandishi: mvua ikinyesha juu siku hiyo, hela yangu inakuwaje? Kampuni inayokataa kuahirisha inamlazimisha mwongozaji wake kuchagua kati ya mshahara na maisha yako.

"Nikishalipa, mwongozaji hana haki ya kunirudisha njiani."

Uongo. Hiyo ndiyo haki yake ya kwanza, na ndicho hasa ulichomlipia. Kubalianeni kabla ya kuondoka saa ya kugeuka, mmefika au hamjafika. Jua la Upare huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na korongoni giza hutangulia. Mkipanga kugeuka saa 7 mchana, basi saa 7 ikifika mnageuka, hata kama maporomoko yameanza kusikika.