Ukitua Guangzhou, tiketi ya treni ya kwenda Yiwu ikatwe lini?

Wafanyabiashara wengi wa Goma, Bujumbura, Kigali na Kampala wanaokwenda China kununua mali hukata tiketi ya ndege hadi Guangzhou, wakipitia Addis Ababa kwa Ethiopian Airlines au Nairobi kwa Kenya Airways. Lakini kwa wengi wao Guangzhou siyo mwisho wa safari. Mwenye duka la mabegi, mapambo na vyombo vya plastiki anaelekea Yiwu, katika jimbo la Zhejiang, lilipo soko kubwa la jumla la bidhaa ndogondogo. Anayetafuta simu na vifaa vya elektroniki anaelekea Shenzhen. Kipande hicho cha mwisho wengi hukimaliza kwa treni.

Swali linaloulizwa kila mara ni hili: tiketi ya treni ikatwe kabla ya kuondoka nyumbani, au msafiri asubiri mpaka atue? Ukikata mapema na ndege ikachelewa, unaweza kupoteza fedha. Ukisubiri, unaweza kukuta nafasi zimekwisha, ukalala hotelini siku ambazo hukuzipangia, huku muuzaji uliyeahidiana naye akimpa mteja mwingine nafasi yako ya kupakia kontena. Makala hii inaeleza namna ya kupanga ili kuchelewa kusikugharimu sana.

Tiketi mbili ni mikataba miwili

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba tiketi ya ndege na tiketi ya treni hazijuani. Shirika la ndege lina wajibu wa kukufikisha uwanja ulioandikwa kwenye tiketi yake. Shirika la reli la China nalo halijui kwamba ulikuwa angani. Treni ikiondoka bila wewe, kwa upande wao umechelewa tu, hata kama ndege ndiyo iliyochelewa.

Hali ni tofauti ikiwa sehemu zote za safari zimo katika tiketi moja ya ndege. Ukichelewa kutoka Entebbe ukakosa ndege ya pili Addis Ababa, shirika lililokuuzia tiketi hiyo moja linapaswa kukutafutia nafasi nyingine. Kwa sababu hiyo, mtu ambaye hana shughuli yoyote Guangzhou na anakwenda Yiwu tu, ni vizuri aulize pia bei ya ndege ya kwenda Shanghai. Kutoka stesheni ya Shanghai Hongqiao hadi Yiwu ni kama kilometa 300, na treni ya kasi huchukua chini ya saa mbili hivi. Kutoka Guangzhou hadi Yiwu treni ya kasi huchukua kama saa sita hadi saba. Ila akumbuke kwamba ndege za kimataifa nyingi hutua Pudong, upande wa pili wa jiji la Shanghai. Tangu Desemba 2024 kuna reli ya kuunganisha viwanja viwili vya Pudong na Hongqiao kwa muda wa kama dakika 40. Kabla ya hapo abiria walitegemea metro namba 2 au gari.

Hesabu kuanzia mlango wa kutokea

Kosa linalofanyika sana ni kuhesabu kuanzia saa ya ndege kutua. Ndege ikitua, bado hujafika. Kuna foleni ya uhamiaji na alama za vidole, kuna kusubiri mizigo, kuna forodha. Kisha kuna safari ya kwenda stesheni.

Treni za kasi za kwenda mbali nyingi huondokea stesheni ya Guangzhou Nan, iliyoko kusini kabisa mwa jiji, wakati uwanja wa ndege wa Baiyun uko kaskazini. Kwa metro unapanda namba 3, unabadilisha Jiahewanggang, kisha namba 2 mpaka mwisho. Hiyo peke yake ni zaidi ya saa moja. Ukifika stesheni kuna ukaguzi wa mizigo kwa mashine, na mageti ya kuingilia hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka. Treni haimsubiri mtu.

Tuchukue mfano. Ndege inatua saa 8:00 mchana. Weka saa moja na nusu ya uhamiaji, nusu saa ya mizigo, saa moja na nusu ya njiani, na nusu saa ya ukaguzi. Tayari ni saa 12:00 jioni, na hapo hakuna kilichoharibika. Ongeza saa mbili tu za ndege kuchelewa, ni saa 2:00 usiku. Treni ya saa sita kwenda Yiwu huwezi kuitegemea tena, kwa kuwa treni za kasi kwa sehemu kubwa hazitembei usiku wa manane. Muda huo reli hufanyiwa matengenezo.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi. Ukitua asubuhi, unaweza kusafiri siku hiyo hiyo, ila chukua treni ya mchana. Ukitua baada ya saa sita mchana, lala Guangzhou, ukate treni ya asubuhi inayofuata. Chumba kilicho karibu na metro namba 2, kwa mfano eneo la Sanyuanli, kinakupeleka Guangzhou Nan moja kwa moja bila kubadilisha.

Angalia saa na tarehe

Saa za China ziko mbele ya Kampala na Nairobi kwa saa 5, na mbele ya Kigali, Bujumbura na Goma kwa saa 6. Tiketi zote huandikwa kwa saa za huko, na kwa mtindo wa saa 24. Kwa hiyo 14:30 ni saa nane na nusu mchana, na 08:00 ni saa mbili asubuhi. Tusichanganye na hesabu yetu ya Kiswahili, hasa unapomwagiza kijana akukatie tiketi kwa simu. Mwambie tarakimu kama zilivyo.

Tarehe nayo ni mtego. Ndege inayoondoka Addis Ababa usiku wa Jumatatu inatua Guangzhou Jumanne. Tazama siku ya kufika kwenye tiketi ya ndege, siyo siku ya kuondoka, ndipo utafute treni.

Safari fupi na safari ndefu

Siyo kila safari inahitaji tiketi ya mapema. Anayekwenda Foshan kutazama vigae na fanicha hahitaji hata treni: metro ya Guangfo inaunganisha miji hiyo miwili tangu 2010. Kwenda Shenzhen, treni ni nyingi tangu asubuhi mpaka usiku, na za kasi huchukua chini ya saa moja. Siku za kawaida huna haja ya kujifunga na treni moja. Fika kwanza, kisha kata.

Yiwu ni habari nyingine. Safari ni ndefu, treni za moja kwa moja kwa siku si nyingi kama za Shenzhen, na viti hujaa. Hapo ni afadhali kukata mapema.

Angalia pia jina la stesheni. Mji mmojawapo unaweza kuwa na stesheni nne au tano. Nan ni kusini, Bei ni kaskazini, Dong ni mashariki, Xi ni magharibi. Guangzhou, Guangzhou Nan, Guangzhou Dong na Guangzhou Baiyun ni stesheni tofauti zilizo mbalimbali. Vivyo hivyo, Shenzhen siyo Shenzhen Bei.

Wapi pa kukata tiketi

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni 12306, mtandao wa shirika la reli lenyewe, ambao una ukurasa wa Kiingereza na programu ya simu. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla ya safari. Lazima ujisajili kwa pasipoti na usubiri ithibitishwe, jambo ambalo linaweza kuchukua siku. Kwa hiyo jisajili ukiwa bado nyumbani, siyo ukiwa kwenye foleni ya uhamiaji. Malipo unaweza kufanya kwa Alipay, ambayo siku hizi inakubali kuunganishwa na kadi ya Visa au Mastercard ya nje. Malipo yaliyozidi yuani 200 kwa kadi ya nje hukatwa ada ya asilimia 3.

Njia ya pili ni wakala wa mtandaoni kama Trip.com, ambaye ana Kiingereza na hupokea kadi za nje, ila anaongeza ada yake. Wakala anaweza kupokea oda hata kabla ya siku 15. Fahamu kwamba hiyo bado siyo tiketi, ni ahadi ya kujaribu. Usimwambie muuzaji kwamba umeshapata kiti mpaka upate uthibitisho wenye namba ya behewa na kiti.

Njia ya tatu ni dirisha la stesheni, kwa pasipoti na fedha taslimu. Inafaa kwa safari fupi na kwa yule ambaye kadi yake imekataa.

Kwa njia zote tatu, tiketi hufungwa na namba ya pasipoti. Utaratibu wa jina halisi ulianza kwenye treni za kasi mwaka 2011 na kwenye treni zote mwaka 2012. Karatasi ya tiketi haihitajiki tena: pasipoti yako ndiyo tiketi. Kwa hiyo tiketi haiuzwi wala haikopeshwi kwa mwenzako. Aliyebadilisha pasipoti karibuni ahakikishe ametumia namba mpya. Ndugu zetu wa Kongo wenye majina matatu au manne wayaandike kama yalivyo kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha.

Mwenye pasipoti ya nje asijipange nyuma ya wenyeji wanaogusisha vitambulisho vyao kwenye mashine. Mara nyingi geti linalosimamiwa na mfanyakazi, pembeni, ndilo lako.

Ukichelewa, fedha zako zinakwenda wapi?

Hapa ndipo wengi hupoteza bila sababu. Viwango vya kukatwa unaporudisha tiketi ni hivi:

- Siku 8 au zaidi kabla ya treni kuondoka: hukatwi kitu.
- Chini ya siku 8 lakini zaidi ya saa 48: asilimia 5.
- Kati ya saa 48 na saa 24: asilimia 10.
- Chini ya saa 24: asilimia 20.
- Treni ikishaondoka: hurudishiwi kitu.

Kwa tiketi ya yuani 600, kwa mfano tu wa hesabu, ukiirudisha dakika chache kabla ya treni kuondoka unakatwa yuani 120 na kurudishiwa 480. Ukikaa kimya mpaka treni iondoke, zote 600 zimekwenda.

Tiketi inaweza pia kubadilishwa, lakini mara moja tu. Kabla ya treni kuondoka una uhuru zaidi wa kuchagua. Ikishaondoka, unaweza kuhamia tu treni nyingine ya siku hiyo hiyo yenye nafasi, na tiketi iliyobadilishwa namna hiyo hairudishwi tena.

Kwa hiyo, ukiwa bado Addis Ababa na ubao unaonyesha ndege imechelewa saa nne, usisubiri kutua. Tafuta intaneti ya uwanjani na uhamishe tiketi papo hapo, kwani ukiwa angani huenda usiweze tena. Na kwa vile una nafasi moja ya kubadilisha, chagua treni ambayo una hakika nayo, siyo ile ya karibu zaidi. Haraka haraka haina baraka.

Mizigo na sikukuu

Ndege inaweza kukuruhusu mabegi mawili ya kilo 23. Treni inaruhusu kilo 20 kwa mtu mzima, na kwenye treni za kasi urefu, upana na kimo cha begi vikijumlishwa visizidi sentimita 130. Visu vikubwa, na vitu vinavyoshika moto kama rangi ya kucha na dawa za nywele za kupuliza, vina masharti makali. Mwenye biashara ya vipodozi asibebe sampuli nyingi mkononi. Azitume kwa kampuni ya vifurushi hadi ghala la wakala wake.

Kuna nyakati ambazo hata tiketi ya Shenzhen ikatwe mapema: sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, wiki ya kwanza ya Oktoba, na siku za kuanzia Mei 1. Maonesho ya Canton ya majira ya kuchipua huendelea mpaka Mei 5, hivyo wanaotoka awamu ya tatu wanakutana na wenyeji wanaosafiri likizo. Siku 15 kabla, tiketi ikifunguliwa, uwe tayari.

Wakati wa kurudi

Safari ya kurudi ina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa kinachokosekana si treni ya yuani mia kadhaa bali ndege ya mamia ya dola. Usitoke Yiwu siku ile ile ya kupanda ndege Guangzhou. Rudi siku moja kabla, ulale, upime mizigo, ndipo uende uwanjani. Gharama ya usiku mmoja ni ndogo kuliko tiketi mpya ya kurudi nyumbani.