Oili Ifaayo kwa Injini na kwa Giaboksi

Katika Mkoa wa Simiyu motokaa si kitu cha kushangaza tena. Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega, kote huonekana malori yachukuayo pamba wakati wa mavuno, matrekta ya kulimia, pikapu za wafanya biashara, na zile motokaa ndogo ziitwazo michomoko, zipelekazo watu magulioni na kuwarudisha. Nyingi katika hizo zimenunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika Japani, na mara nyingi fedha yake imetoka katika pamba au katika ng'ombe wa jamaa nzima. Injini ya gari la namna hii ikifa, hasara si ya mwenye gari peke yake. Mtoto hukosa ada, mgonjwa hukosa chombo cha kumfikisha hospitali usiku, na mkulima huona mzigo wake umelala nje. Na injini zisizokuwa chache hufa kabla ya wakati wake kwa sababu zimenyimwa oili, au zimetiwa oili isiyo yake.

Neno kubwa tunalotaka wasomaji wetu walishike ni hili: oili haichaguliwi kwa rangi yake, wala kwa kuipima uzito kati ya vidole viwili, wala kwa bei. Huchaguliwa kwa kufuata maandishi ya yule aliyelitengeneza gari. Maandishi hayo ni mafupi, na mtu ajuaye kusoma nambari na herufi aweza kuyaelewa. Basi tutaeleza maana yake.

KAZI YA OILI

Watu wengi hudhani kwamba oili ni ya kulainisha tu, kama mafuta yatiwayo katika ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe. Kweli kazi yake ya kwanza ni hiyo. Ndani ya injini vyuma huzunguka mara elfu kadha kwa dakika moja, na kinachovizuia visigusane ni utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu. Utando huo ukikatika, chuma hula chuma. Lakini oili ina kazi nyingine tena. Huchukua joto kutoka kwenye pistoni na beringi, hubeba masizi na uchafu hata kwenye filta, huzuia kutu, na huziba nafasi ndogo iliyo kati ya ringi za pistoni na silinda. Kwa hiyo oili iliyogeuka rangi kuwa nyeusi si lazima iwe mbaya. Pengine ni dalili kwamba inafanya kazi yake ya kusafisha. Iliyo mbaya ni ile iliyokwisha kuchoka, au ile isiyokuwa na nguvu hiyo tangu mwanzo.

NAMBARI ZA UZITO

Kila mfugaji ajua tabia ya samli. Alfajiri ya mwezi wa Julai huwa imeganda, na adhuhuri humwagika kama maji. Oili nayo ni hivyo hivyo: ikiwa baridi huwa nzito, ikiwa moto huwa nyepesi. Chama cha wahandisi wa motokaa cha Marekani, kijulikanacho kwa herufi SAE, ambacho kilianzishwa mwaka 1905, ndicho kilichotunga mpango wa kuzigawanya oili kwa uzito wake, na mpango huo watumika mpaka leo duniani pote.

Ukiona kopo limeandikwa 5W-30, nambari ya kwanza, yenye herufi W, yaeleza jinsi oili inavyokwenda wakati wa baridi kali, baridi ambayo sisi katika Simiyu hatuijui kabisa. Nambari ya pili yaeleza uzito wa oili ikiwa na joto la digrii 100, yaani joto la maji yachemkayo. Oili ya 40 ni nzito kuliko ya 30, na ya 50 yazidi zote mbili.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Husema, "Nchi yetu ni ya jua kali, basi na tutie oili nzito." Maneno haya yana sura ya akili, lakini yapasa tufikiri. Injini ina kifaa cha kuongoza maji yake, kiitwacho thamostati, ambacho hulifanya joto la ndani likae karibu mahali pamoja, gari likiwa Bariadi au likiwa Ulaya. Jua la nje si joto la ndani. Mtengenezaji alipochagua oili alipima nafasi iliyo kati ya chuma na chuma, akachagua uzito unaoingia katika nafasi hiyo. Oili iliyo nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu ya injini asubuhi inapowashwa, nayo hula petroli zaidi kwa kuwa injini hutumia nguvu kuisukuma. Tena injini nyingi za siku hizi, kama ile ya 1NZ iliyomo katika Toyota Probox na IST za petroli, zina vifaa vya kugeuza wakati wa kufunguka kwa valvu, na vifaa hivyo huendeshwa kwa nguvu ya oili ipitayo katika vijia vyembamba. Uji mzito haupiti katika mrija mwembamba.

Hatusemi kwamba oili ya 40 au 50 ni mbaya. Malori na matrekta mengi ya dizeli yametengenezewa 15W-40, nayo huwafaa sana. Vitabu vingi vya magari yauzwayo katika nchi za joto vina jedwali lionyeshalo uzito wa namna mbili au tatu kwa kadiri ya hewa ya nchi. Ikiwa kitabu charuhusu, injini iliyochakaa au ifanyayo kazi nzito yaweza kupewa oili iliyo nzito kwa daraja moja. Lakini ruhusa hiyo itoke katika kitabu, si katika maneno ya barabarani.

HERUFI ZA UBORA

Uzito peke yake hautoshi. Oili mbili zaweza kuwa za 40 zote mbili, moja ikawa nzuri na moja ikaua injini. Kwa hiyo Chama cha Petroli cha Marekani, API, kilichoanza mwaka 1919, huzipanga oili kwa herufi. Herufi S huanza kwa injini za petroli, na herufi C kwa injini za dizeli. Herufi inayofuata yaonyesha daraja: kwa petroli, kadiri inavyosonga mbele katika alfabeti, ndivyo oili ilivyo mpya na bora. Daraja la SN lilitoka mwaka 2010, na SP mwaka 2020. Kwa dizeli, CI-4 lilitoka mwaka 2002 na CK-4 mwaka 2016.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mfuko wa mtu. Chama hicho chenyewe kimeandika kwamba oili ya SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988, na oili ya SA haifai kwa nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930. Basi mtu mwenye gari la mwaka 2005 akinunua kopo la SF kwa kuwa ni rahisi, anaipa injini yake oili iliyopitwa na wakati. Yafaa asome nyuma ya kopo kabla ya kutoa fedha.

Waendesha bodaboda nao wasikilize. Katika pikipiki nyingi injini, klachi na gia zote huogelea katika oili moja. Oili nyingine za motokaa zina dawa ya kupunguza msuguano, na dawa hiyo huifanya klachi iteleze. Oili ya pikipiki ya namna hii iwe na alama ya JASO MA au MA2.

OILI YA GIABOKSI NA YA DIFU

Gia za kuingiza kwa mkono hutumia oili yenye nambari kama 75W-90 au 80W-90. Mtu asidanganyike akidhani kwamba 90 ni nzito mara mbili kuliko 40 ya injini. Kipimo cha gia ni kingine, na oili ya gia ya 90 yakaribiana kwa uzito na oili ya injini ya 40 au 50. Ubora wake huandikwa GL-4 au GL-5. GL-5 ina dawa kali zaidi, kwa kuwa meno ya difu hubanana na kusuguana kwa nguvu nyingi. Lakini dawa hiyo yaweza kuzila ringi za shaba zilizomo katika giaboksi nyingine. Kwa hiyo palipoandikwa GL-4 usitie GL-5 kwa kudhani kwamba umeongeza heshima.

Giaboksi za otomatiki ndizo zinazoponza watu wengi zaidi. Oili yake mara nyingi ni nyekundu, na mafundi wengine huiita haidroliki, kana kwamba ziko za namna moja tu. Sivyo. Toyota moja yataka iitwayo T-IV, nyingine WS, na nyingine yataka oili ya CVT, ambayo ni kitu mbali kabisa. Chukua Probox mbili zilizosimama pamoja stendi ya Bariadi. Ile ya otomatiki iliyotengenezwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 2014 ina gia za meno. Ile iliyotengenezwa baada yake ina CVT, yaani ukanda wa chuma uzungukao kati ya puli mbili. Ukanda huo hushika kwa msaada wa oili yake maalumu. Ukitiwa oili ya otomatiki ya kawaida huteleza, huchubuka, na giaboksi nzima huharibika. Kwa macho ya nje magari hayo ni ndugu, lakini chakula chao si kimoja.

MAHALI PA KUYATAFUTA MAANDISHI

Pengine msomaji atasema, "Kitabu cha gari langu ni cha Kijapani, nitakisomaje?" Hata hivyo 5W-30, SN, WS na hesabu ya lita huandikwa kwa herufi na nambari tuzijuazo. Tafuta ukurasa wa nyuma wenye jedwali. Tena tazama kifuniko cha kutilia oili, maana magari mengi yameandikwa hapo. Kipo pia kibati cha gari, chini ya boneti au penye fremu ya mlango, chenye aina ya injini na ya giaboksi. Kinakili katika daftari, ukaende nacho dukani. Mwalimu aliye kijijini aweza kuwasaidia sana majirani kwa kuwasomea vibati hivi.

KUPIMA NA KUBADILI

Pima oili mara moja kwa juma, na kabla ya kila safari ndefu. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika chache, kisha vuta kijiti, ukifute, ukirudishe na kukivuta tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Usiipitishe alama ya juu, kwa kuwa itapigwapigwa na krenki mpaka itoe povu, na povu halilainishi. Taa nyekundu yenye picha ya birika ikiwaka njiani, zima injini papo hapo. Usiseme kwamba utafika kwanza.

Kuhusu muda wa kubadili, fuata kitabu, lakini jua kwamba vitabu vingi hupunguza muda huo, mara nyingi kwa nusu, kwa gari lipitalo penye vumbi, lichukualo mizigo mizito au liendalo safari fupi fupi. Kwetu kiangazi ni vumbi, na masika ni udongo mweusi wa mbuga ushikao magurudumu, gari likinguruma kwa gia ya kwanza. Basi tujihesabu katika fungu hilo. Badili na filta pamoja na oili, na chujio la hewa liangaliwe mara kwa mara, kwa maana vumbi likiingia injini hakuna oili iwezayo kuiponya.

Tena gari likivuka maji mengi, kama yale ya mito ya Simiyu na Duma wakati wa mvua, mwambie fundi aangalie difu na giaboksi. Chuma kilicho moto kikipoa ghafula hufyonza maji kwa tundu lake la hewa. Ukiona oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, nayo yapasa kumwagwa na kutiwa mpya.

KUNUNUA, NA OILI CHAFU

Nunua kopo lenye kizibo kisichofunguliwa, dukani panapojulikana, upewe na risiti. Oili ipimwayo kutoka katika pipa haina wa kuitolea ushahidi. Shirika la Viwango, TBS, pamoja na EWURA, wana kazi ya kusimamia ubora na biashara ya mafuta haya. Anayeshuku oili na awaarifu.

Oili chafu isimwagwe ardhini wala mtoni, kwa kuwa maji ya Mto Simiyu huingia Ziwa Victoria, na watu na mifugo huyanywa njiani. Wala isipakwe vidonda vya ng'ombe, wala isishikwe ovyo kwa mikono mitupu. Ina vitu viwezavyo kuleta saratani ya ngozi. Ikusanywe katika dumu lililofungwa, irudishwe kwa wenye gereji wanaoikusanya.

Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Kopo la oili iliyo sahihi ni ufa mdogo wa kuziba, na injini mpya ni ukuta mzima. Tunawaomba wenyeviti wa vijiji, walimu na wote wasomao wawaeleze haya wenye magari walio karibu nao, na kila mwenye gari aandike katika daftari lake tarehe aliyobadili oili, kilometa zilizosomeka siku hiyo, na maandishi yaliyokuwa juu ya kopo.