Giza la Kijijini na Picha za Nyota Zinazokufa

Usiku wa leo watoto wakiisha kulala, zima taa, utoke uani, uinue macho. Ukiwa kijijini utaziona nyota zimetapakaa kama unga uliomwagika. Sisi tukaao Daraja Mbili, hapa Arusha mjini, hatuna bahati hiyo. Taa za maduka, za magari na za pikipiki zimeufanya usiku wetu kuwa kama maziwa yaliyotiwa maji, na nyota tuzionazo ni za kuhesabu. Leo napenda kukueleza habari za watu ambao giza lako hilo wangelinunua kwa fedha.

Watu hao ni wapiga picha wa mbingu. Hawalipwi mshahara, ni watu wa ridhaa, wafanyao kazi hiyo kwa kuipenda tu. Windo lao ni mawingu ya gesi yaitwayo nebula za sayari. Jina hilo lapotosha. William Herschel wa Uingereza, aliyeivumbua sayari ya Uranus mwaka 1781, aliona kwa darubini yake vidoa vya mviringo vilivyofanana na sayari, akaviita hivyo, na jina likashika. Kumbe havihusiani na sayari hata kidogo. Nyota ya namna ya jua letu ikizeeka huvimba, kisha hupuliza nje matabaka yake ya juu. Katikati hubaki kiini chenye joto kali, ambacho mwishowe huwa kadiri ya dunia yetu kwa ukubwa, nacho huliangaza lile wingu linalotawanyika. Baada ya miaka yapata elfu kumi au ishirini wingu limekwisha kupotea. Jua letu nalo litapita njia hiyo, lakini lala salama: imebaki kama miaka milioni elfu tano.

Nyingi za nebula hizi zina mwanga hafifu mno, hata ukichungulia kwa darubini nzuri huoni kitu. Hapo ndipo kamera humshinda mtu. Jicho halikusanyi mwanga. Kamera hukusanya, haba na haba, kama pipa likingalo matone ya bati. Mpiga picha huacha kamera wazi dakika tano au kumi, hurudia mara nyingi, usiku baada ya usiku, kisha kompyuta huziunganisha picha zote kuwa moja. Picha moja yaweza kumaliza saa thelathini au zaidi.

Sasa, mtu wa Arusha akijaribu kazi hii atakutana na shida ambayo mwenzake wa Ulaya haijui. Kwa kuwa dunia yazunguka, nyota huonekana kusogea digrii 15 kila saa, hivyo darubini hapana budi igeuzwe polepole na mota ili izifuate. Mhimili wa mota hiyo lazima uelekee sawasawa kwenye ncha ya mbingu. Mtu wa Ulaya huitafuta Nyota ya Kaskazini, akamaliza. Hapa tuko digrii 3 na kitu kusini mwa Ikweta: nyota ile imejificha chini ya upeo, tena upande huo umesimama Mlima Meru wenye mita zaidi ya 4,500. Ncha ya kusini nayo iko digrii 3 tu juu ya upeo, mahali pa vumbi na moshi, wala haina nyota yenye kung'aa. Basi utachagua nyota moja, utaitazama inavyohama, utasogeza mguu wa darubini kidogo, utatazama tena, mpaka uchoke. Lakini fidia ipo: aliye karibu na Ikweta huziona mbingu za kaskazini na za kusini, karibu zote.

Je, kuna faida yoyote? Tarehe 6 Julai 2008, Dave Jurasevich, mtu wa ridhaa, alipiga picha huko California akaona duara jembamba kama povu la sabuni, nebula ambayo haikuwa bado katika orodha za wataalamu. Mwaka 2011 Matthias Kronberger wa Austria alivumbua nyingine kwa kupekua tu picha zilizopigwa zamani na watu wengine. Picha zilikuwako, waliokosekana ni wenye subira.

Mtu wa mjini naye hakunyimwa kabisa. Nebula hizi hung'aa kwa rangi chache tu, hasa ile ya kijani itokayo katika oksijeni na nyekundu ya haidrojeni. Wapo wafungao mbele ya kamera chujio lipitishalo rangi hizo peke yake na kuzuia mwanga mwingi wa taa. Hata hivyo giza halina badala. Wanajimu wa Vatikani walifukuzwa na taa za Roma, wakahamia Castel Gandolfo katika miaka ya 1930. Taa zikawafuata, na mwaka 1981 wakafungua kituo kingine Arizona, Marekani. Ikiwa Baba Mtakatifu mwenyewe hakuweza kuzizima taa za Roma, sisi wa Daraja Mbili tutamwambia nani?

Nisieleweke kwamba naukataa umeme. Mtoto asomaye kwa kibatari huchosha macho. Nasema tu kwamba taa ya nje yaweza kuvikwa kofia ili imulike chini, panapopitwa na watu.

Katikati ya Oktoba, usiku usio na mwezi, yapata saa tatu na nusu, tazama juu upande wa kusini. Utaona nyota nyeupe inayong'aa, Fomalhaut, jina la Kiarabu, maana yake kinywa cha samaki. Nyosha mkono, pima ngumi moja kutoka hapo kuelekea kaskazini-magharibi. Ukiwa na darubini ya macho mawili, hata ya kuazima, na giza likiwa giza kweli, huenda ukaona doa la kijivu, upana wake kama nusu ya mwezi mpevu. Hiyo ndiyo nebula iitwayo Helix. Mwanga utakaouona uliondoka huko yapata miaka 650 iliyopita. Mimi hapa nimeutafuta mara tatu, sijaupata.