Kompyuta ikigoma kuwaka, usikimbilie kupiga Windows

Kuna kauli moja ambayo mwenye kompyuta hapaswi kuiitikia haraka: "Hii inatakiwa ipigwe Windows upya." Utaisikia Kariakoo, utaisikia Luthuli Avenue jijini Nairobi, utaisikia kwa kijana wa mtaani anayetengeneza simu na kompyuta kwenye meza moja. Mara nyingi inatolewa kabla mashine haijafunguliwa, na kabla mwenye mali hajaulizwa swali la kwanza kabisa: inafika hatua gani ndipo inazima?

Swali hilo ndilo linaloamua kila kitu. Kompyuta haiwaki kwa mkupuo mmoja. Ukibonyeza swichi, pawa saplai inapeleka umeme kwenye madabodi. Madabodi inajikagua: prosesa ipo? RAM ipo? Kadi ya picha inaitika? Ikiridhika inaonyesha nembo ya kampuni iliyoitengeneza mashine, kisha inakwenda kwenye diski kuitafuta Windows. Windows nayo inapakia draiva, zile programu ndogo zinazoendesha kila kifaa, halafu inakuletea sehemu ya kuandika nywila, na mwisho inaamsha programu zote zilizojiandikisha kuanza zenyewe. Hitilafu inaweza kukaa popote katika safari hiyo. Kupiga Windows upya kunatibu hatua za mwisho tu. Mashine inayozima kabla ya nembo kutokea haijaifikia Windows kabisa, na kuifutia diski ni kumpotezea mtu mafaili yake huku ugonjwa ukibaki palepale.

Tuanze na umeme, maana kwetu huko ndiko matatizo mengi yanakozaliwa. Umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu, pawa saplai ndiyo inayopokea kipigo cha kwanza. Dalili zake zinajulikana: feni inazunguka kidogo na kusimama, au mashine inawaka, inazima, kisha inajiwasha yenyewe bila kuguswa. Kabla ya kwenda kwa fundi, chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia na uishikilie kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Chomoa printa, fleshi, diski ya nje na kila kilichochomekwa ukiacha kibodi, mausi na kioo. Chomeka waya moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, usipitie ekstensheni, halafu jaribu tena. Wenye laptopu wafanye vivyo hivyo: chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia swichi, kisha washa kwa chaja peke yake. Fleshi iliyosahaulika nyuma ya mashine nayo inatosha kuizuia kompyuta isiwake, kwa sababu kuna mashine zinazoitafuta Windows kwenye fleshi kwanza, zisipoipata zinakwama.

Wanaonunua kompyuta za mezani za mtumba wana jambo jingine la kuangalia. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, karibu na mahali waya unapoingia, yenye maandishi 115 na 230. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120. Tanzania ni 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa swichi yake bado iko 115, siku ya kwanza ukiichomeka utasikia mlipuko na kunusa harufu ya kuungua. Angalia swichi hiyo dukani kabla hujalipa.

Sasa tuje kwa mashine ambayo feni zake zinazunguka vizuri lakini kioo kinabaki cheusi. Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni RAM. Jirani yangu, mwalimu, alikuwa na kompyuta ya mezani ambayo siku nyingine iliwaka bila shida, siku nyingine ilipiga mlio mrefu unaojirudia bila kuonyesha kitu, na siku nyingine ilifika kwenye Windows kisha ikaanguka kwenye skrini ya bluu. Alikuwa ameshaambiwa diski ifutwe. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na alama za wanafunzi na maandalio yake ya masomo ya miaka kadhaa. Fundi wa pili hakuuliza habari za Windows. Alichomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa mashine, akagusa kasha la chuma kuondoa umeme tuli mwilini, kisha akasukuma vile vibanio viwili vyeupe na kuitoa RAM. Meno yake, yanayotakiwa kuwa na rangi ya dhahabu, yalikuwa yamefifia na kupata madoa. Akachukua kifutio cha penseli, akayasugua taratibu pande zote mbili hadi yakang'aa, akafuta vumbi la kifutio kwa brashi laini ya kupakia rangi, akapuliza nafasi ya RAM kwa blowa ndogo, akairudisha na kuibana hadi vibanio vikalia. Mashine ikawaka. Haikuhitaji kifaa kipya hata kimoja.

Kazi hiyo inahitaji uangalifu, wala haihitaji cheti. Kwa sisi tunaoishi Pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja, Dar es Salaam na Mtwara, hewa ya chumvi na unyevu huchafua meno ya RAM na ya nyaya mapema kuliko mtu anavyodhani. Kama mashine ina RAM mbili, toa moja, washa, kisha badilisha. Iliyoharibika itajitaja yenyewe.

Kuna kitu kingine kidogo zaidi ambacho mafundi wengi wanakiruka, nami naona ni kosa kubwa kukiruka: betri ya madabodi. Ni duara bapa la rangi ya fedha, limeandikwa CR2032, lina volti 3, na kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya mashine umeme unapokuwa haupo. Ikifa, saa ya kompyuta inarudi miaka nyuma kila unapoiwasha, na huo ni ushahidi tosha. Lakini madhara yake yanaweza kuwa makubwa kuliko saa kupotea. Mipangilio inaporudi ile ya kiwandani, namna madabodi inavyozungumza na diski nayo inaweza kubadilika, na Windows iliyowekwa kwa namna ya zamani ikashindwa kuiona diski yake. Hapo unapata skrini yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, mashine inajiwasha upya, inarudi palepale, usiku kucha. Mtu asiyejua atasema diski imekufa. Kumbe ni betri ambayo bei yake haifikii nusu kilo ya nyama, pamoja na dakika chache za kurekebisha mipangilio ya BIOS, yaani ile ya madabodi.

Skrini hiyo ya kuanguka yenyewe ni ya kusomwa. Kwa miaka mingi ilikuwa ya bluu, tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ikawekewa alama ya uso wenye huzuni, na mwaka 2025 Microsoft ikaibadilisha kuwa nyeusi kwenye Windows 11. Rangi si muhimu. Muhimu ni yale maneno ya herufi kubwa chini yake. Yapige picha kwa simu kabla hayajapotea, umwonyeshe fundi. Ukimwambia "ilitokea bluu, ikazima," hujamsaidia chochote.

Julai 19, 2024 dunia nzima iliona jinsi mashine milioni kadhaa zinavyoweza kugoma kuwaka bila diski hata moja kuwa mbovu. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Marekani ya CrowdStrike, inayouza ulinzi wa kompyuta, ilisambaza faili dogo la sasisho lenye kasoro. Ilipofika saa 2:27 ilikuwa imeshaliondoa, lakini Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeathirika. Kila zilipowashwa zilianguka kwenye skrini ya bluu. Safari za ndege zikafutwa, hospitali zikaahirisha huduma, benki zikakwama. Kompyuta za nyumbani kwa sehemu kubwa zilisalimika, kwa kuwa wateja wa CrowdStrike ni makampuni na taasisi. Na tiba ilikuwa nini? Kuiwasha mashine katika hali salama (Safe Mode), kufungua folda la CrowdStrike, kufuta faili linaloanza na C-00000291, kisha kuwasha upya. Mafaili ya watu yalibaki mahali pake.

Hali salama ndiyo chombo ambacho kila mwenye kompyuta angepaswa kukijua. Ni Windows iliyowaka na vitu vya lazima tu: haina draiva za ziada, haina programu zilizojiandikisha kuanza zenyewe. Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, kwa kawaida hukuletea zenyewe ukurasa wa matengenezo. Ingia sehemu ya kutatua matatizo, kisha chaguo za ziada, kisha mipangilio ya uwashaji, ruhusu mashine ijiwashe upya, na orodha ikitokea bonyeza namba 4. Kwenye orodha hiyohiyo namba 9 inaizuia kompyuta kujiwasha upya kila inapoanguka, ili upate muda wa kusoma skrini.

Faida ya kwanza ya hali salama ni kwamba inakupa hukumu. Mashine ikitulia humo, vifaa vyako kwa kiasi kikubwa ni vizima, na tatizo liko kwenye draiva au programu. Jiulize: nini kiliongezwa karibuni? Draiva ya printa mpya? Kinga ya virusi ya pili juu ya ile iliyokuwepo? Sasisho la jana? Kiondoe hicho kwanza. Ikiwa mashine inaanguka hata humo, rudi kwenye RAM, joto na diski.

Joto nalo halijifichi. Kompyuta inayowaka vizuri ikiwa baridi, ikazima dakika chache baadaye, na ukijaribu tena papo hapo ikazima mapema zaidi, inalia joto. Fungua utazame chuma chenye mapezi kilicho juu ya prosesa. Ukikuta vumbi limeziba nafasi zote, umempata mhalifu. Safisha, na kama mashine ina miaka mingi, fundi abadilishe ile krimu ya kupitisha joto iliyo chini ya chuma hicho, maana hukauka.

Jambo la pembeni kidogo: tangu Windows 8, kuzima kompyuta kwa njia ya kawaida huwa si kuzima kabisa. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka, na hitilafu nayo inaweza kuhifadhiwa. Ukitaka ianze upya kweli, chagua kuiwasha upya badala ya kuizima.

Nimeiacha diski hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo haraka inapoleta hasara isiyorudishika. Diski ya zamani ya kuzunguka ikianza kutoa mlio wa tik-tik-tik unaojirudia, zima mashine. Usiwashe tena kujaribu, usiruhusu ukaguzi wa diski uendelee kwa saa nzima, usipige Windows juu yake. Kila dakika ya ziada inaweza kuondoka na mafaili. Kama haitoi mlio na kompyuta imegoma tu, mara nyingi mafaili bado yapo na yanaweza kutolewa bila Windows kuwaka. Fundi aitoe diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB. Au atengeneze fleshi ya Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, ambazo ni za bure, aiwashe mashine kutoka kwenye fleshi hiyo, kisha anakili kila kitu kwenye diski ya nje. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Matengenezo yafuate.

Kizuizi cha kuyatoa mafaili kinaweza kuwa kufuli la BitLocker, ambalo kompyuta nyingi mpya hujifunga nalo zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukiitoa diski, au hata ukibadilisha mipangilio ya BIOS, utaombwa ufunguo wenye tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo ya Microsoft, na unaweza kuupata kwa kuingia kwenye akaunti kupitia simu. Asiyekumbuka akaunti yake ana hatari ya kupoteza kila kitu, na hakuna fundi atakayemvunjia kufuli hilo.

Sisemi kupiga Windows upya hakuna kazi. Mashine iliyojaa virusi baada ya kuwekewa Windows ya kuchakachua inastahili kufutwa na kuanza upya kwa nakala halali. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, na wengi watalazimika kuhama. Ila uamuzi huo uje mafaili yakiwa yameshatolewa, na chanzo cha kuanguka kikiwa kimejulikana. Fundi anayetaka kufuta diski kabla ya kutimiza mambo hayo mawili, mshukuru, chukua mashine yako, nenda kwa mwingine.

Na kama kompyuta yako leo imewaka bila tatizo, chomeka diski ya nje leo hii, nakili picha na kazi zako, kisha ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike ufunguo wa tarakimu 48 kwenye daftari na kulitunza pamoja na hati zako nyingine.