Je, Wajua? Ujamaa Bado Umo Kwenye Katiba

Je, wajua kwamba Tanzania, pamoja na mabenki yake binafsi na soko lake la hisa, kikatiba bado ni nchi ya kijamaa? Fungua Katiba ya 1977, Ibara ya 3: neno lipo pale pale, jirani kabisa na vyama vingi vilivyorejea 1992. Azimio la Arusha la 1967, tamko lililoweka siasa hiyo ya ujamaa, lilibana zaidi: kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa kwenye kampuni, mishahara miwili, wala hata nyumba ya kupangisha. (Hebu fikiria masharti hayo leo!) Mwaka 1991, huko Zanzibar, chama tawala CCM kikayalegeza masharti hayo. Ujamaa wenyewe haukufutwa. Ibara ya 9 nayo inautaja, sambamba na kujitegemea.