Chai ya Chepseon hushuka Mombasa, mbona bao letu halijapanda?

Mwezi uliopita nilipanda bara kumtembelea dada yangu mdogo, ambaye ni mwalimu Chepseon. Kwa asiyepajua, Chepseon ni kituo cha biashara kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho. Ukishapita makutano ya Londiani na Kedowa, umefika. Baridi yake si ya kuvalia kanzu peke yake, na mvua ya huko ina miadi: saa nane au tisa mchana, wingu limeshashuka. Mashamba ya chai yamefunika vilima.

Chai hiyo tunaijua sisi watu wa Mombasa, maana mnada wake uko mjini kwetu. Majani huchumwa huko juu, husagwa na kukaushwa kiwandani, kisha hupakiwa kwenye malori hadi maghala ya huku. Kila wiki inateremka. Nilipokuwa huko nikaanza kujiuliza: na sisi tumewapandishia nini?

Swali lenyewe nililetewa na mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu. Penye kituo cha bodaboda kuna kibao cha drafti kilichochorwa kwa rangi, na kete zake ni vizibo vya soda. Vijana huzunguka hapo wakingoja abiria. Mpwa wangu amekwishawatia adabu wakubwa kadhaa. Siku ya pili akaniuliza, "Mjomba, kwani nyinyi Mombasa mnacheza nini?"

Nikajibu kwa kifua mbele, "Sisi tunacheza bao."

"Basi nifundishe."

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi mwenyewe, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kwanza tulitafuta ubao. Maduka ya Chepseon yana karata na mipira, lakini bao hakuna. Mpwa wangu akatafuta kwenye simu, akapata michezo chungu nzima iitwayo mankala. Nikaitazama: safu mbili, mashimo sita kila upande. Nikamwambia hilo si bao letu. Hata huku Pwani, mgeni akiingia duka la vinyago mara nyingi huuziwa kibao cha kukunja cha safu mbili, akaambiwa ni bao la Kiswahili. Anakwenda nacho Ulaya, anakiweka juu ya kabati.

Bao lenyewe hulitambua kwa kuhesabu. Lina safu nne zenye mashimo manane kila moja, jumla 32. Kila mchezaji ana safu mbili zake. Kete ni 64, yaani 32 kwa kila mmoja, na kwa desturi huwa ni komwe, zile mbegu ngumu za rangi ya majivu ambazo mkomwe hutoa karibu na ufuo. Katika safu ya mbele ya kila mchezaji, shimo la tano kutoka kushotoni kwake huchongwa mraba. Hilo ndilo nyumba. Ubao usio na nyumba hautoshi kwa mchezo kamili.

Ukijua hivyo, kukosa duka si kitu. Tulichimba mashimo 32 kwenye udongo mwekundu nyuma ya nyumba, tukachukua maharagwe 64. Saa nane mvua ikaja na mashimo yote yakawa visima. Kesho yake mpwa wangu akaleta trei mbili za mayai kutoka kibandani. Trei ya mayai ina vishimo vitano kwa sita. Ukikata kila moja ibaki na vinne kwa vinne, kisha ukaziunganisha, unapata nne kwa nane. Nyumba tukaipaka wino. Tulikuwa na bao bila kutoa hata shilingi kumi.

Tukaanza na bao la kujifunza, lile tulilofundishwa sote utotoni. Unaweka kete mbili kila shimo, basi mchezo umeanza. Unachota shimo, unapanda kete mojamoja. Ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la mwenzio linalolikabili nalo lina kete, unazila: unazichukua zake na kuzipanda upande wako, kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Kula ni lazima, huna hiari ya kuacha. Ambaye safu yake ya mbele imekwisha kete amefungwa. Mtoto alishika yote hayo kwa alasiri moja. Siku ya tatu akanifunga.

Akasema, "Mjomba, sasa lile la wakubwa."

La wakubwa huanza kwa namna nyingine. Unaweka kete sita ndani ya nyumba, na mbili katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kuliani. Hizo ni kumi. Zilizobaki, 22, unazishika akiba. Kila zamu unaingiza moja ubaoni, na hatua hiyo huitwa namua. Akiba ikiisha ndipo mnaingia hatua ya mtaji, mkicheza zilizo ubaoni tu. Hadi hapo nilikwenda vizuri. Kisha kete yake ya mwisho ikatua nyumbani kwake, akaniuliza, "Sasa nasimama au naendelea?"

Nilijua kuwa kuna kulala na kuna kusafiri. Nilijua kuwa wakati mwingine mchezaji huruhusiwa kuchagua. Lini hasa, na ukishasafiri nyumba inabaki na haki gani, sikuweza kumweleza. Nikababaika. Nikampigia simu mzee mmoja wa mtaani kwetu, rafiki wa marehemu baba. Alinieleza, nikaelewa nusu. Nilipomuuliza mara ya tatu akacheka. "Mwanangu, bao halifundishwi kwa simu. Babako alikaa hapa miaka thelathini. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa hapo hapo. Nilikuwa naleta kahawa. Baada ya sala ya Alasiri baba alikaa barazani na wenzake, na sisi watoto tulitumwa birika na vikombe. Tulisikia kete zikigonga, tulisikia vicheko na matusi ya adabu. Nikadhani bao ni kitu cha wazee, nitakijua nikizeeka, kama mvi. Sasa nimepita arobaini, mvi zimekuja, bao halikuja. Ubao wa baba uko juu ya kabati la mama, na nusu ya komwe zimepotea.

Huu si mchezo mdogo ambao mtu anaweza kuupoteza hivi hivi. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alitunga shairi juu ya bao. Rais Abeid Karume alipouawa mjini Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972, alikuwa kwenye bao na wenzake. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mchezaji. Mtaalamu wa Uholanzi, Alex de Voogt, alikaa na mafundi wa Zanzibar kuchunguza jinsi akili zao zinavyohesabu, na mwaka 1995 akachapisha utafiti mzima juu yake. Mafundi hao hupanga mbele mizunguko ambayo mimi na wewe tungehitaji karatasi.

Wala mchezo wa mashimo si wetu peke yetu. Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro, yote ya safu nne na kete 64 kama letu. Waomani wana hawalisi. Wajaluo wana ajua na Wakikuyu wana giuthi, za safu mbili. Hata safarini nilipita karibu na Hyrax Hill, pale Nakuru, mahali alipochimba Mary Leakey mwaka 1937. Hapo kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Kwa hiyo ile dhana niliyopanda nayo, kuwa watu wa bara hawajui bao mpaka sisi tuwapelekee, ilikuwa majivuno matupu.

Hilo alinithibitishia mzee mmoja wa Chepseon. Alipita akatukuta na trei zetu, akasimama kwa muda mrefu akitazama. Kisha akasema kwamba babu yake alikuwa akicheza kitu kama hicho, mashimo ardhini na vijiwe, wakati ng'ombe wakilishwa. Nikamsihi aketi atuonyeshe. Akainama, akashika maharagwe machache mkononi, akayarudisha. "Sikumbuki," alisema. "Nilikuwa mtoto. Nilikuwa nachunga tu."

Jibu lake lilinichoma, maana ni langu. Yeye alichunga, mimi nilileta kahawa. Tofauti ni kwamba babu yake hayupo tena wa kuulizwa, ilhali rafiki wa baba yangu yuko hai na simu anapokea.

Watu wengi hudhani mchezo hupotea kwa sababu vijana wamechukuliwa na simu na mpira wa Uingereza. Mimi sikuliona hilo Chepseon. Niliona mtoto mwenye simu mkononi akiiweka kando siku nne mfululizo kwa ajili ya trei za mayai. Niliona vijana wa bodaboda wakiacha drafti yao kuja kuchungulia, na mmoja akauliza kama anaweza kujaribu. Hamu ilikuwepo na ubao ulipatikana. Kilichokosekana ni mtu wa kujibu swali moja kuhusu nyumba, na mtu huyo nilitakiwa niwe mimi.

Wenzetu wa Lamu angalau wana tamasha lao la utamaduni, ambalo mashindano ya bao ni sehemu yake, na Mombasa bado kuna baraza chache za Mji wa Kale ambako kete hugonga jioni. Lakini tamasha huonyesha anayejua tayari. Kanuni za namua hazishikwi kwa kutazama siku moja kwenye umati. Zinahitaji mtu mzima akubali kucheza polepole na asiyejua, amfunge, amweleze kwa nini, kisha waanze tena. Wazee wetu wengi hawana subira hiyo na sisi, na sisi hatujawahi kuwaomba. Kila upande unangoja mwenzake.

Niliporudi nilimwomba mama ule ubao. Nimeuosha, nimeupaka mafuta. Komwe zilizopungua nililetewa na jamaa anayekwenda Lamu mara kwa mara. Kila Jumatatu na Alhamisi, baada ya Alasiri, nakaa na yule mzee. Swali la mpwa wangu nimeshalipatia jibu. Ukiwa umekula katika namua, kete ya mwisho ikatua nyumbani kwako na nyumba bado hai, hiari ni yako: ulale uilinde, au usafiri ukatafute zaidi. Kama hukula, ulikuwa unatakasa tu, ukifika nyumbani umelala. Ilinichukua wiki mbili kuliona hilo kwa mikono yangu, si kwa masikio.

Mpwa wangu atakuja likizo ya Desemba, inshallah. Nimemwahidi kuwa nitamfundisha namua mpaka mwisho, na akirudi Chepseon atawafundisha wale wa bodaboda. Ikiwa nyumbani kwako kuna mzee anayejua, usingoje Desemba. Mpelekee kahawa leo, kisha usiondoke na birika. Keti.

Mimi bado nafungwa. Juzi nilidhani nimeshika mchezo, mzee akala mara tatu kwa mkono mmoja, akaikagua safu yangu ya mbele shimo baada ya shimo. "Hamna," akasema, akaanza kupanga upya.